Mkono wa Kukodi

Wako watu ambao wakiamka humshukuru Mungu kwa afya. Mkato yeye alimshukuru kwa kuumba ofisi. Popote penye dirisha dogo, karani mwenye usingizi na foleni isiyosogea, yeye aliona shamba lililoiva likisubiri panga. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelijua. Walimwita Mkato kwa sababu hakuna safari asiyoijulia njia ya mkato, ukiondoa safari ya kwenda kazini.

Jumatatu hiyo alikuwa amesimama nje ya geti la chuo cha udaktari, mbele ya ubao wa matangazo. Tangazo alishalisoma tangu juzi. Sasa alikuwa anasoma nyuso. Wanafunzi wapya walitakiwa kuleta kadi ya chanjo iliyokamilika, pamoja na majibu ya kipimo cha damu kuonyesha kwamba chanjo ya homa ya ini imeshika. Chanjo hiyo ni sindano tatu, na kutoka ya kwanza hadi ya mwisho hupita miezi sita. Dirisha la usajili lingefungwa Ijumaa.

Wengi walisoma wakashika kichwa. Mkato akamchagua aliyekishika kwa mikono miwili. Alikuwa baba mmoja mnene, vumbi la saruji kwenye suruali, furushi la funguo kiunoni, na sauti ya mtu aliyezoea kubishana bei ya misumari. Kando yake kijana mrefu, mwembamba kama fagio, alikuwa ameangalia pembeni ili macho yake yasikutane na neno "sindano".

Mkato akasogea. Kwa bahati mbaya tu, bega lake likaegemea pale pale ilipobandikwa karatasi ya pili ya tangazo.

"Pole na msiba, mzee wangu."

"Msiba gani? Sijafiwa mimi."

"Nisamehe. Nimekuona umeshika kichwa nikajua kuna maiti. Kumbe ni chanjo tu."

"Chanjo tu?" Baba yule akamgeukia. "Miezi sita nitaitoa wapi kufikia Ijumaa? Huyu unayemwona ni daktari."

"Mwanafunzi," kijana akanong'ona.

"Daktari," baba akasema. "Mpaka kibao cha duka nimeshabadilisha."

Na kweli alikuwa amebadilisha. Duka lake la vifaa vya ujenzi, lililokuwa likiuza mabati kwa heshima bila cheo chochote, sasa lilikuwa na kibao kipya kilichoandikwa BABA DAKTARI kwa rangi nyekundu. Ndugu walishapewa habari. Binamu mmoja alishamletea kijana mguu wake autazame, na bibi wa jirani alikuwa akimsimulia tumbo lake kila asubuhi. Kijana huyu alikuwa wa kwanza darasani katika somo la biolojia, ila damu aliijua kwa picha tu. Ya kwake mwenyewe ilikuwa haijatoka hata kwa mbu, maana alilala ndani ya vyandarua viwili.

"Mzee, mimi nina kadi," Mkato alisema kwa sauti ya chini, kama anayetaja kaburi la mtu mwema.

"Za kughushi?"

Mkato akarudi nyuma hatua moja, ameumia. "Usinitukane. Karatasi ni ya kweli, muhuri ni wa kweli, tarehe ni za kweli. Hata maumivu yalikuwa ya kweli. Kitu kimoja tu ndicho kimebadilika."

"Kipi?"

"Mkono."

Biashara yenyewe ilikuwa hivi, na tuisimulie kwa heshima, maana mtu aliifanyia kazi. Kila mwanzo wa mwaka Mkato alizunguka zahanati moja hadi nyingine akichanjwa. Sindano ya kwanza hapa, ya kwanza tena kule, kisha ya pili kote, kisha ya tatu. Nesi akitaka kuandika jina, Mkato alikuwa akisema, "Dada, jina langu refu na foleni ndiyo hiyo unaiona. Acha nitajaza nyumbani." Nesi, ambaye nyuma ya Mkato alikuwa na watoto arobaini wanaolia, aligonga muhuri akaita mwingine. Wengine hukodisha pikipiki, wengine vyumba. Mkato alikodisha mkono. Hakukuwa na mtu mjini aliyechanjwa kuliko yeye. Ugonjwa ulikuwa ukimwona unavuka barabara.

"Na kipimo cha damu?" baba akauliza.

"Damu pia ipo. Inatembea. Inaongea na wewe."

Kijana akafungua mdomo. "Baba, labda tungeuliza pale dirishani kwanza..."

"Wewe nyamaza, daktari. Wakubwa wanatibu."

Bahasha ikabadilisha mfuko.

*

Maabara ilikuwa mtaa wa pili, chumba kimoja chenye kiti cha plastiki na feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Msichana wa mapokezi aliangalia fomu, akamwangalia Mkato, akarudi kwenye fomu.

"Imeandikwa miaka kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Una mvi."

"Maisha, dada yangu. Maisha."

Msichana alikuwa na maisha yake pia. Akamfunga mpira mkononi, akatoa damu, akabandika jina la kijana kwenye chupa. Majibu yakatoka kinga imejaa mpaka juu. Kadi na majibu vikawekwa kwenye bahasha, bahasha ikapelekwa dirishani, na Baba Daktari akalala usingizi wa mtu aliyenunua kitu cha thamani kwa bei ya jumla.

Wiki iliyofuata Mkato akatokea dukani. Akaagiza soda kwa mkopo wa mwenye duka.

"Mzee, ile kazi imeniacha na mzigo. Mzigo wa siri. Siri ni nzito, na mimi sina mtu wa kunisaidia kuibeba ila wewe."

"Si nilikulipa?"

"Ulilipia mkono. Mdomo hatujauzungumzia."

Baba akatoa. Siku chache baadaye Mkato akarudi na mdomo uleule. Aliporudi mara ya tatu, alikuwa ameshazoea kiasi cha kuketi kwenye kiti cha mwenye duka na kuwakaribisha wateja.

Hapo ndipo Baba Daktari alipoacha kula. Udaktari ni miaka sita, na mdomo wa Mkato ulikuwa na afya njema. Akikataa, neno moja dirishani, kijana anafukuzwa kabla hata hajajua choo cha chuo kiko wapi. Akikubali, kufikia siku ya mahafali duka litakuwa limebaki kibao.

Aliyeokoa jahazi alikuwa shangazi. Dada mkubwa wa Baba Daktari huyu alikuwa akiuza mitumba upande wa pili wa mji, na ndiye aliyemlea mwenye duka tangu akinyonya kidole. Alifika Jumamosi, akamkuta mdogo wake ameegemea magunia, akasikiliza kisa chote bila kumkatiza. Kisha akavua kiatu kimoja, akakitazama, akakivaa tena.

"Mdogo wangu, ulienda kwenye chuo chenye zahanati, ukanunua chanjo kwa mtu aliyesimama nje."

"Muda ulikuwa umeisha, dada."

"Uliuliza?"

Baba Daktari akahesabu misumari iliyokuwa sakafuni.

Jumatatu asubuhi shangazi alimshika mpwa wake mkono, wakaenda hadi dirishani. Usajili ulishafungwa, lakini karani alikuwa bado yupo na rundo lake la bahasha. Hakuinua hata macho.

"Tumekosea mama. Bahasha tuliyoleta ina kadi ya mtu mwingine wa pale nyumbani," shangazi akasema. "Wetu hajachanjwa kabisa."

"Hajachanjwa achanjwe." Karani akachomoa bahasha kwenye rundo ambalo lilikuwa bado halijaguswa na binadamu, akairudisha. "Ya kwanza leo, mbili zilizobaki anapigwa huku anasoma, bure. Damu tutapima akimaliza. Iko kwenye karatasi ya pili ya tangazo, lakini nyinyi watu wa siku hizi hamfiki karatasi ya pili."

Zahanati ya chuo ilikuwa nyuma ya jengo hilohilo. Kijana alipoiona sindano, akasema "Shangazi," kwa sauti ya kuaga, akaenda chini taratibu kama pazia lililokatika kamba. Nesi akapiga goti pale pale sakafuni, akamchanja.

"Nawapenda wanaozimia," alisema. "Hawatingishiki."

Kijana alipozinduka alikuta pamba begani. Akaitazama. Akamtazama shangazi.

"Imeisha?"

"Imeisha. Simama, daktari."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kumwingia bila kumtisha. Na kwa kuwa bahasha ya uongo sasa ilikuwa kwenye pochi ya shangazi, mdomo wa Mkato haukuwa na cha kuuza tena. Baba Daktari alitaka kumwambia siku hiyohiyo, tena kwa koleo. Shangazi akamzuia.

"Amekula ngapi zako?"

Mdogo wake akataja. Shangazi akafumba macho kidogo.

"Basi usimfukuze. Mzigo wa saruji unashuka lini?"

*

Siku iliyofuata, kwa bahati ambayo sayansi bado haijaieleza, Mkato alipofika kuchukua mshahara wa mdomo wake alimkuta dukani mama mmoja aliyeketi wima kwenye kiti, mgongo umegandana na rafu ya rangi. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, doa moja la wino mwekundu kwenye mfuko, na miwani iliyokuwa ikimteremka puani.

"Huyu ndiye?" mama akauliza.

"Ndiye, Profesa," Baba Daktari akajibu, ameinamisha kichwa.

Mkato akageuka kutafuta mlango. Mlangoni alisimama kijana na bega la kushoto lenye pamba.

"Usikimbie, baba," Profesa akasema kwa upole. "Ningekuja na askari kama ningetaka askari. Nimekuja na njaa. Miaka thelathini natafuta damu kama hii. Kinga yako tumeipima, mashine ikazimika. Tumeiwasha, ikazimika tena. Unajua tone moja la damu hiyo lina thamani gani huko kwa wenzetu?"

Mkato hakujua, lakini moyo wake ulishaanza kupiga hesabu.

"Chuo kitakununua kila mwezi, maisha yako yote. Ila kwanza damu isafishwe. Wiki tatu. Sigara hapana. Soda hapana. Vya kukaanga hapana. Na uongo hapana kabisa."

"Uongo unahusianaje na damu, Profesa?"

"Uongo unapandisha presha, presha inapika kinga. Wewe umewahi kuona mwongo mwenye damu safi?"

Mkato akafikiria wote anaowafahamu, mmoja baada ya mwingine.

"Na jasho," Profesa akaendelea. "Uchafu wa damu hutoka na jasho. Unahitaji kazi nzito, mahali pa karibu, penye mtu wa kukuangalia."

"Mimi hapa nina saruji inashuka kesho," Baba Daktari alisema kwa aibu. "Lakini sijui kama itafaa."

Profesa akavua miwani, akaifikiria saruji. "Vumbi lake ni chokaa. Chokaa ndiyo mifupa. Itafaa sana. Ila usimlipe, mzee. Ujira unavuruga utafiti. Na kuanzia leo asipokee hata senti ya familia hii, kwa sababu yoyote ile."

"Hata ile... ya mdomo?" Mkato akauliza.

"Hiyo ndiyo sumu kabisa."

Kisha Profesa akainuka na kuondoka kinyumenyume, uso kwao, mkono mmoja ukipapasa njia, mpaka akatoweka kwenye mlango wa nyuma. Kijana, aliyekuwa amehamia upande huo, alishikwa na kikohozi cha ajabu ikabidi auzibe mdomo kwa brashi ya rangi.

"Mbona anatembea vile?" Mkato akauliza.

"Wasomi wa ngazi ile hawampi mtu mgongo," Baba Daktari akasema. "Ni adabu yao."

Mkato akatikisa kichwa kwa heshima. Elimu ni bahari.

Basi kwa wiki tatu mtu ambaye hakuwahi kubeba chochote kizito kuliko jina la mtu mwingine akabeba saruji. Akabeba nondo, akabeba mabati, akapanga tofali kwa safu, kisha akazipangua kwa sababu safu zilielekea upande usiofaa mzunguko wa damu. Alikula maharage bila chumvi na mchicha bila mafuta. Mteja mmoja alipouliza kama rangi fulani haichuji, Mkato, kwa kuogopa presha, alimwambia ukweli kwamba inachuja. Jambo la kushangaza, mteja akanunua ile ya bei ghali, na siku mbili baadaye akaleta jirani zake. Baba Daktari alisimama nyuma ya mizani akitafakari, maana hakuwahi kuijaribu njia hiyo katika miaka yote ya biashara.

Kila Ijumaa Profesa alifika, akaketi mgongo ukutani, akamvuta Mkato kope la chini, akasema, "Inakuja, inakuja," akaondoka kinyumenyume.

Ijumaa ya mwisho alikuja na kifaa. Alikiweka mezani juu ya kitambaa cheupe. Kilikuwa cha chuma, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kina mpini wa kusukuma na mdomo mwembamba mbele. Mkato alikuwa amekipangusa vumbi kingine cha aina hiyohiyo kwenye rafu ya tatu, kwenye vifaa vya kutilia grisi kwenye malori. Akajipa moyo kwamba huenda hospitali na gereji zinanunua kwa jumla mahali pamoja.

"Leo tunachukua uboho," Profesa akasema.

"Uboho ndio nini?"

Kijana akajibu, na safari hii sauti yake haikutetemeka. "Ni ule uroto ulio ndani ya mfupa, mjomba. Damu inatengenezwa humo. Tunaingilia hapa nyongani, tunasukuma mpaka mfupa uitike, halafu tunavuta."

"Uitike?"

"Unasikika mpaka nje. Ukiusikia usishtuke, ni wako."

"Ganzi ipo, sivyo?"

"Ganzi inalaza kinga," Profesa akasema huku akijaribu mpini. Kifaa kikatoa mlio, na tone moja jeusi likaning'inia kwenye ncha. "Mshikeni miguu."

Mkono wa Mkato ulikuwa umevumilia sindano nyingi kuliko mto wa fundi cherehani. Lakini nyonga yake haikuwa kwenye mkataba. Akapiga magoti.

"Profesa, mama yangu, mtu hawezi kujitoa?"

"Anaweza. Sisi si wanyama. Ila utafiti lazima ufungwe safi. Unarudisha kila ulichopokea kwenye nyumba hii, halafu tusikuone tena karibu na kijana huyu. Ukilitaja jina lake mahali popote, tutajua damu yako bado iko kwenye utafiti, na tutaifuata."

Mkato akavua kiatu cha kulia, akavua soksi. Kisha cha kushoto. Bahasha zikatoka zikinuka safari ndefu, moja baada ya nyingine, na ile ya kwanza kabisa bado haijafunguliwa vizuri. Akaziweka juu ya kitambaa cheupe, akatoka na viatu mkononi, na watu wa mtaa wanasema saruji zote alizobeba hazikumzuia kukimbia. Labda zilimsaidia.

*

Mtu wa aina ya Mkato hafi njaa, hubadilisha mtaa. Baada ya muda kidogo alikuwa anapita soko la mitumba, akiwaza. Jambo moja utafiti ulimfundisha: koti jeupe. Yeye alitumia miaka akitoboa mkono, kumbe mwenzake alivaa koti tu na watu wakapanga tofali.

Na hapo, kwenye kibanda cha kona, koti jeupe lilikuwa limetundikwa ukutani, limepigwa pasi, kifua mbele. Mkato akalisogelea. Kwenye mfuko kulikuwa na doa la wino mwekundu.

Akaliangalia doa. Akamwangalia mama muuzaji, aliyejifunga kitambaa kichwani na hana miwani. Mama naye akamwangalia.

"Damu inaendeleaje, baba?" mama akauliza.

Mkato aliona tena saruji yote, gunia moja moja. Aliona maharage yasiyo na chumvi. Angeweza kupiga kelele, lakini angemwambia nini askari, na kwa jina la nani? Mwishowe akafanya kile ambacho fundi hufanya akiona kazi ya fundi mwenzake. Akavua kofia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unataka koti?"

"Kiasi gani?"

Mama akataja bei iliyomfanya Mkato apepese macho.

"Punguza kidogo, mama. Si tunafahamiana?"

"Ndiyo maana sijaongeza."

Mkato akalipa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kulipa bei kamili, na alihisi kitu kama homa. Mama akalishusha koti, akalikunja haraka kifua juu, akalitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Ngoja niligeuze nione nyuma," Mkato akasema.

"Wewe," shangazi akamwambia kwa upole, "tangu lini wasomi wakampa mtu mgongo?"

Wakacheka wote wawili, akaondoka nalo.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na tangazo jipya kwenye geti la chuo, safari hii la wanafunzi wa uuguzi. Mkato alilivaa koti palepale kwenye kona, juu ya fulana yake, kwa haraka ya mtu aliyeona mama mmoja na binti yake wameshika vichwa. Alihisi kaubaridi mgongoni, akasema moyoni kwamba hiyo ndiyo heshima, huingia hivyo. Akaegemeza bega kwenye karatasi ya pili.

"Poleni na msiba," akasema.

"Daktari, hatujafiwa," mama akajibu, na neno hilo la kwanza lilimwingia Mkato tamu kama asali. "Ni hizi chanjo. Tumechelewa."

"Mama, mmefika kwa mtu."

Nyuma yao kundi la wanafunzi wa mwaka wa kwanza lilikuwa linaingia getini, makoti mapya, vitabu kwapani. Mmoja wao, mrefu, mwembamba kama fagio, akasimama.

"Shikamoo mama," alisema. "Msome na karatasi ya pili. Chanjo ni bure, zahanati iko pale ndani. Mimi mwenyewe nilipigwa nikiwa sakafuni." Kisha akamgeukia Mkato kwa adabu zote. "Mjomba, samahani, umeiegemea. Sogea kidogo tu."

Ukutani bega lilikuwa na kazi. Mkato hakutaka kusogea, lakini macho ya watu wote yalikuwa kwake, na daktari hawezi kubishana na ubao. Akasogea. Ili asogee, akageuka.

Koti lilikuwa na kifua, mikono na kola. Nyuma halikuwa na kitu. Kitambaa chote cha mgongo kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, mraba safi, kilishauzwa viraka zamani.

Binti akacheka wa kwanza. Mama yake akajikaza, akamwangalia Mkato juu hadi chini, kisha akamwuliza kwa huruma ya kweli:

"Pole, daktari. Na wewe ulifanyiwa upasuaji, au ulifilisiwa?"

Mkato aliaga kwa kuinamisha kichwa, akaweka tabasamu usoni, akaanza kuondoka kinyumenyume.